Milimita Mbili

Hebu tuulizane swali moja dogo: kitu cha zamani kikigoma kukaa kwenye kitu kipya, nani abadilike?

Rafiki yangu alirithi kamera ya baba yake, Canon ya filamu, pamoja na lenzi yake ya aina ya FD. Kamera yenyewe ilishakufa, lenzi bado nzima. Akataka kuifunga kwenye Canon ya dijitali aliyonunua mtumba. Wapi! Haikukaa. Fundi akamwambia, "Kijana, hiyo kazi ya tupa. Nakata hapa nyuma, tunafunga, kwisha." Akanijia: nikate, nisikate?

Kwanza tuuelewe ugomvi wenyewe. Lenzi ya FD ilitengenezwa ikae milimita 42 kutoka kwenye filamu. Mwaka 1987 Canon wakaleta mfumo mpya wa EOS, wenye umbali wa milimita 44. Haukuwa ukorofi. Walitaka mdomo mpana na lenzi zinazoongozwa kwa umeme. Lakini wenye FD waliachwa kwenye mataa. Milimita mbili tu, bwana! Ukiifunga lenzi hiyo kwa pete ya kawaida, unapata vya karibu. Mlima na meli ya mbali huwa mawingu matupu. Zipo pete zenye kioo ndani zinazorudisha vya mbali, ila ukali wa picha hupungua.

Cha ajabu, nafasi ipo kwa jirani. Mwaka 2010 Sony walitoa kamera zisizo na kile kioo cha kuruka ndani, na umbali wake ni milimita 18. Hapo FD inahitaji pete ya milimita 24, na ndani ya pete hiyo mna nini? Hewa. Canon wenyewe walifuata njia hiyo mwaka 2012. Basi kwa muda mzee aliyekataliwa na ukoo wake alipokewa na watu baki, na hakuna aliyemchonga. Mwenyeji alikuwa na nafasi, basi.

Tusijidanganye, mgeni naye ana gharama zake. Utalenga kwa mkono, tundu la mwanga utaligeuza mwenyewe. Na mara nyingi itabidi uingie kwenye menyu uiruhusu kamera ipige picha "bila lenzi", maana haijui kama imefungwa kitu. Mtu anaweza kukaribishwa ndani na bado asitambuliwe. Wangapi wetu mjini hapa tunaishi hivyo?

Utaniambia: ah, ni chuma na vioo tu, hakilii. Kweli hakilii. Na kama lenzi ingekuwa imeliwa na kuvu, ningemwambia kata, jifunze ufundi. Lakini hii ni nzima. Pete ukiifunga leo, kesho unaitoa. Tupa ikishapita, imepita. Siku mtoto wake akiitaka lenzi ya babu kwa matumizi mengine, atakuta uamuzi ulishafanywa na mtu aliyekuwa na haraka. Mimi naona hapo ndipo kosa lilipo: kumwamulia moja kwa moja mtu ambaye hajafika.

Na sisi tunaoandika je? Tunachukua methali na vina vya wazee, tukiona havikai kwenye hadithi ya daladala na kibanda cha chipsi, mkono unakimbilia tupa. Pengine lenzi haina kosa. Pengine hadithi yetu ndiyo haina nafasi.

Rafiki yangu hana hela ya kamera nyingine. Lenzi ya mzee iko kwenye droo, imefungwa kwenye soksi, na fundi anamuuliza kila wakikutana. Nimemwambia asubiri. Ni rahisi kwangu kusema, lenzi si yangu.

Wewe ungemwambiaje?