Mgonjwa wa Mpira na Funga ya Ramadhani



Ndugu zangu katika imani, Ramadhani huja na swali ambalo sisi wa Kismayo na visiwa vya Chula, Chovai na Koyama hulisikia majumbani: mgonjwa anayelishwa kwa mpira wa puani akitiwa dawa ya maji mchana, funga yake ipo?

Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kinachofika ndani kupitia tundu lililo wazi, pua ikiwemo, hufunguza. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, Jeddah 1997, nalo liliona kipimo cha tumbo hakifunguzi iwapo tu hakikuingizwa maji wala kitu kingine.

Wapo wanaosikia hivyo wakamcheleweshea mgonjwa dawa ya kifafa mpaka magharibi. Hilo si ucha Mungu. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa. Akitarajiwa kupona, atalipa siku zake. Asipotarajiwa, ni fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku.

Basi tumpe dawa kwa saa zake, kama alivyoelekeza daktari. Tumwinue kichwa, tupitishe maji safi mpirani kabla na baada, na kila dawa iende peke yake. Visiwani maji matamu twayabana, lakini haya tusiyabane: mpira ukiziba, ni safari ya mashua hadi Kismayo.

Mwili wa mgonjwa ni amana mikononi mwetu. Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.