Shoka na Mpini Wake

Mtu anapoambiwa kwamba tangu kesho asirudi tena kazini, mambo mawili humporomokea kwa pamoja, na kwa kuwa yameporomoka kwa pamoja yeye hudhani kuwa ni jambo moja. La kwanza ni ujira wake wa mwezi, ambao hesabu yake aijua hadi senti ya mwisho. La pili ni cheo chake machoni pa watu, ile salamu aliyopewa njiani akienda kiwandani, na jibu alilokuwa nalo mwanawe alipoulizwa shuleni baba yake afanya kazi gani. Katika msiba huo wenye sura mbili huzuka swali ambalo ni la dini kabla halijawa la fedha: je, aliyekatiwa ajira amekatiwa na riziki? Na ikiwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuruzuku, na viumbe wote ni sababu tu, je, huyu aliyeondokewa na sababu moja aketi kungoja majaliwa, ama asimame atafute sababu nyingine kwa mikono yake?

Swali hili nalitafakari nikiwa Kisangani, mji ambao kwa muda mrefu ajira ndiyo iliyokuwa uhai wake. Merikebu zitokazo Kinshasa, zikiisha kupanda mto yapata kilomita 1,700, hukoma hapa, kwa sababu mbele yake maporomoko saba ya Boyoma yameziba njia; na kwa ajili ya kuyazunguka maporomoko hayo ilifunguliwa mwaka 1906 reli ya kilomita 125 iendayo Ubundu. Penye kukoma kwa chombo pana kupakua, na penye kupakua pana makuli, makarani, mafundi na walinzi wa maghala. Kisha vikaja viwanda, kikiwamo kile cha nguo cha SOTEXKI katika miaka ya 1970, ambacho vitenge vyake vilivaliwa mbali sana na jimbo letu la Tshopo. Kuajiriwa kulikuwa ndiko kuwa mtu. Baba alimwombea mwanawe kazi kama alivyomwombea afya.

Halafu milango ikaanza kufungwa, mmoja baada ya mwingine. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ilitangaza kwamba mali za wafanyabiashara wa kigeni zitatiwa mikononi mwa wananchi, na maduka mengi yaliyokabidhiwa kwa watu wasiojua hesabu zake yakafilisika pamoja na waajiriwa wake. Miaka ya mwanzo ya 1990 ikaleta uporaji wa askari wasiolipwa mishahara. Mwaka 1998 vita vikaingia mjini, njia ya mto kwenda Kinshasa ikafungwa, na mji ulioishi kwa kupokea vyombo ukabaki ukiyatazama maji matupu. Tena kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yakapigana ndani ya mitaa yetu kwa siku sita, yakaua raia kwa mamia na kubomoa nyumba kwa maelfu. Basi mtu wa Kisangani aliyepoteza kazi katika miaka hiyo hakupoteza kwa uvivu wala kwa kukosa ujuzi; alipoteza kwa mambo yaliyoamuliwa mahali asipopajua, na watu asiowaona.

Katika dhiki ile ndipo ilipostawi toleka. Neno hili ni la Kilingala, na maana yake ni tupite. Nalo lilikuwa jina la baiskeli iliyobeba abiria kwa malipo, katika mji ambao magari yake yalikuwa yameporwa au kufa kwa kukosa mafuta. Walioziendesha walikuwa vijana wasio na shughuli, wachimba almasi waliorudi mikono mitupu, wanafunzi, walimu ambao mshahara wao umekuwa hadithi, na watu wa viwanda vilivyonyamaza. Mtazame mwendeshaji wake, aitwaye tolekisti, kwa karibu. Keria ya nyuma ameitandika mto wa sponji uliovikwa kitambaa, ili abiria asiumizwe na mashimo ya njia. Pampu ameifunga kwenye fremu kwa ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu. Na mvua ikishuka, huufunika kwanza ule mto ndipo atafute mwenyewe pa kujisitiri, maana abiria aliyeketi kwenye sponji iliyolowa hatarudi kwake kesho. Kiwandani mtu huyu alimtazama msimamizi aliyesimama mbele yake. Barabarani amejifunza kumfikiria mtu asiyemwona, aliyeketi nyuma ya mgongo wake na kumkabidhi uzima wake kwa bei ya mkate. Hiyo ni amana, na kwa rai yangu hakuna mtaji ulio mkubwa kuliko huo, wala hakuna mtaji mwingine ambao uporaji hauwezi kuuchukua.

Wako wasemao kwamba mtu wa namna hii amejiokoa kwa nguvu zake peke yake, nao humsifu kwa sifa hiyo. Wako wengine wasemao kwamba yote yaliandikwa, na kwamba riziki yake ingemfika hata angelala. Kauli hizi mbili zinapingana, lakini mimi naziona zimekosea mahali pamoja, nami nitaeleza kosa hilo kwa msaada wa habari iliyopokewa na Anas bin Malik na kuhifadhiwa katika mkusanyiko wa hadithi wa Abu Dawud.

Mtu mmoja wa Ansari alimjia Mtume kuomba. Mtume akamwuliza kama nyumbani mwake hamna kitu chochote. Akajibu kuwa mna kipande cha nguo kizito, ambacho nusu yake hujifunika na nusu hutandika, na bakuli wanywealo maji. Akaagizwa avilete. Mtume akavitwaa mkononi, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza nani atakayezidisha, mwingine akatoa dirhamu mbili. Fedha ile akampa mwenyewe, akamwambia dirhamu moja anunue chakula awapelekee watu wa nyumbani kwake, na ya pili anunue shoka amletee. Shoka lilipoletwa, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akamtuma akachanje kuni na kuziuza, na asionekane tena kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa amepata dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula.

Nimeirudia habari hii mara nyingi, na kila mara macho yangu hutua pale penye mpini. Mtume hakumwambia maskini yule kwamba riziki imekwisha kuandikwa, basi arudi akangoje. Wala hakumwambia kwamba dunia ni ya wenye juhudi, basi ajitazame. Alimwuliza ana nini. Swali hili lina heshima kubwa, kwa sababu linamhesabu mwombaji kuwa mwenye mali hata kama mali yenyewe ni bakuli. Kisha akagawa ile fedha kwa hekima, akatanguliza tumbo la watoto mbele ya biashara, maana mwenye njaa hawezi kungoja faida. Mwisho akafanya kwa mkono wake kile ambacho yule mtu hakuweza, au hakukumbuka, kukifanya. Wahenga wetu walikwisha sema kwamba shoka lisilo mpini halichanji kuni. Chuma kilitokana na mali ya yule mtu, msitu ulikuwa wa Mungu, jasho lilikuwa la mwenyewe. Lakini mpini ulitiwa na mwenzake. Hapo ndipo panapokosewa na wale wenye kauli mbili: mmoja aliona jasho, wa pili akaona msitu, na wote wawili mpini hawakuuona.

Na tolekisti naye alitiwa mpini na watu. Wengi hawakuwa na baiskeli. Waliipata kwa ndugu, au kwa mwenye nayo waliyempelekea malipo yake kila jioni, naye akaridhika kumwamini mtu asiye na dhamana ila uso wake. Wengine waliinunua kwa zamu yao katika likelemba, ule mchezo wa kuchanga ambao watu wa pwani huuita upatu, ambamo kila mmoja hutoa kidogo ili kila mmoja, siku yake ikifika, ashike kingi. Mama auzaye kwanga, ule mkate wa muhogo, sokoni hana benki, lakini ana wenzake kumi wanaomwamini. Tawakali ya kweli naiona mle: mtu kutoa fedha yake leo kwa ajili ya zamu ya mwingine, huku akiitakidi kuwa kesho haitamsahau.

Maadamu ndivyo hali ilivyo, imetupasa kuuzuia ulimi wetu mbele ya mtu ambaye ameachishwa kazi na mwaka umepita hajaanzisha kitu. Wakristo, ambao ndio wengi mjini kwetu, wanaujua katika Injili ya Mathayo mfano wa mwenye shamba la mizabibu, ambaye jioni aliwakuta watu wamesimama sokoni, akawauliza mbona wamesimama kutwa bila kazi, wakamjibu kuwa hakuna aliyewaajiri. Bwana yule hakuwatuhumu uvivu. Aliwasadiki, akawapeleka shambani, na saa ya malipo ilipofika akawapa ujira sawa na wa waliotangulia, kwani watoto wao nao walikuwa na tumbo la siku nzima.

Wala mwanzo mpya wa aliyeonewa haumtakasi aliyemwonea. Dini imeamrisha kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na mwalimu aendeshaye baiskeli ili watoto wake wale bado anaidai dola mishahara yake, hata kama baiskeli imemnawirisha. Tukiusifu ushujaa wake mpaka tukalisahau deni lake, tutakuwa tumemnyang'anya mara ya pili.

Iko hatari nyingine, nayo ni kudhani kuwa kila biashara, kwa kuwa imemtoa mtu katika ufukara, ina baraka. Mji huu una ushahidi juu ya jambo hilo. Kiswahili hiki nikiandikacho kilifika huku pamoja na misafara ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mzaliwa wa Unguja, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa wali wa sehemu hizi kwa mapatano na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Alikuwa hodari wa biashara asiye na kifani. Lakini pembe zake za ndovu zilipita mwituni juu ya mabega ya watu waliotekwa, na dola ya mfalme iliyobaki baada yake ikavuna mpira kwa mikono ya watu waliolazimishwa. Faida ilikuwa nyingi, na laana yake bado twaihesabu. Kwa hiyo mwenye baiskeli kumi anayewatoza vijana malipo yasiyowabakizia chakula asijidanganye kwamba amewatia mpini; amewafunga kamba.

Katika miaka iliyofuata pikipiki zilikuja kwa wingi, zikawachukua abiria wa toleka, na wengi waliokuwa wameanza upya ikawabidi kuanza upya tena. Jambo hili lingenikatisha tamaa kama nisingekuwa jirani wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko yetu. Hao husimamisha magogo marefu katikati ya maporomoko, huyafunga kwa kamba za mwituni, na kutundika migono mikubwa ambayo midomo yake huelekezwa kwenye mkondo wa maji. Mto ukifurika huzoa migono, na pengine magogo pia. Ukipungua, watu huingia tena msituni kukata mengine. Ni kazi ya kicho kuitazama, kwa kuwa povu linapiga vifuani mwao na mwamba unateleza, na gogo moja huhitaji watu wengi: hawa wanalisukuma, hawa wanavuta kamba, na yule aliye juu anafunga fundo akiwategemea walio chini.

Samaki humjia aliyetega, na hawezi kutega aliye peke yake. Hilo ndilo jibu nililolipata kwa swali langu. Basi jirani akikujia jioni na kukuambia kwamba ameachishwa kazi, usiharakishe kumpa wasia wa subira, wala hadithi za matajiri walioanza na sumni. Mkaribishe kiti, uhakikishe kwamba usiku ule wanawe watakula, kisha umwulize alivyoulizwa yule Mwansari, nyumbani mwake mna nini. Na akishataja, hata kama ni bakuli, unyoshe mkono wako utafute mpini.