Mtakatifu na Gorogoro Yake



Tukisikia neno "mtakatifu", wengi wetu tunafikiria mtu aliyekufa zamani, ama mtumishi anayefunga siku 40. Lakini Paulo aliwaita waumini wa Korintho watakatifu (1 Wakorintho 1:2), na hao walikuwa wanagombana hadi kushtakiana mahakamani. Waliitwa hivyo kwa sababu ni wa Kristo. Wewe wa Kibera, wewe wa Kawangware, jina hilo ni lako leo.

Sasa tuone linavyovaliwa. Fungua Walawi 19. Mstari wa 2, Mungu anawaagiza watu wake wawe watakatifu. Mstari wa 35 na 36, anadai mizani na vipimo vya haki. Ni sura moja!

Basi nikuulize: gorogoro yako ya mahindi imegongwa chini ikabonyea ndani?

Utaniambia, "Pasta, jirani amebonyeza yake na anauza bei ya chini. Nikipima kamili, wateja wataniacha." Hesabu hiyo naijua. Sitakudanganya kwamba utatajirika kesho. Pengine utapoteza wengine. Lakini yule mama unayempunja ana watoto wanaongoja ugali, na atakayelala njaa ndiye atalipa faida yako.

Jumapili tunainua mikono kwa sifa. Jumatatu mikono hiyo hiyo inashika gorogoro. Wiki hii, kabla hujafungua kibanda, inyooshe. Hiyo nayo ni ibada.

Amina.