Kimya cha Wajuzi

Je, mtu aliyeiona hatari akanyamaza kwa kuwa wakubwa wake wamenyamaza, ana lawama? Swali hili huzuka popote watu waendapo pamoja, lakini nimeona vema tulitazame katika milima ya theluji, mahali ambapo jibu huja upesi.

Yafaa kwanza, msomaji, ujue jinsi theluji iuavyo. Dhoruba ya majira ya baridi hurundika theluji mpya juu ya ile ya zamani. Ikiwa kati yake pana tabaka dhaifu, rundo la juu hukaa mlimani kama bamba lililolazwa juu ya punje za mtama: limetulia, lakini halikushikwa na kitu. Katika mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja waweza kulivunja, likaporomoka lote. Aghalabu anayeuawa ndiye aliyeliamsha, yeye au mwenziwe. Naye aliyefukiwa, zikipita dakika 15 hivi kabla ya kufukuliwa, tumaini la kumpata hai hupungua sana.

Tarehe 19 Februari, 2012, baada ya dhoruba iliyoangusha zaidi ya nusu mita ya theluji, watu wapatao 16 walikusanyika juu ya bonde la Tunnel Creek, karibu na Stevens Pass, katika jimbo la Washington, Marekani. Walikusudia kuteremka kwa mbao ndefu zifungwazo miguuni, nje ya njia zinazolindwa. Hawakuwa wajinga. Walikuwamo mabingwa wa mchezo huo, na wenyeji walioujua mlima ule kwa miaka mingi. Walichukua koleo, na vyombo vya redio vya kumtafutia aliyefukiwa. Onyo la hatari lilikuwa limekwisha kutangazwa. Theluji iliporomoka, wakafa watatu.

Baadaye baadhi ya waliopona walieleza kwamba walikuwa na shaka tangu kule juu. Hawakuitamka. Waliwatazama wenzao, wakajituliza kwa kuwaza kwamba kundi lenye wajuzi wengi namna ile haliwezi kukosea.

Methali yetu yasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu aliyenyamaza hakusema lolote la kusikiwa. Mdogo ndiye anayejitungia neno, akalitia kinywani mwa mkuu, kisha akalitii na kuita utii huo heshima. Wala mkuu haponi kwa hoja hiyo. Yeye ajua kwamba kimya chake husomwa na wadogo kama ruhusa iliyotiwa sahihi, na kwa sababu hiyo fungu lake la lawama, kwa rai yangu, ni kubwa zaidi. Sisemi haya kuwahukumu marehemu; nasema juu ya desturi iliyo katika kila baraza, na katika kila darasa pia.

Siku hizi wako waalimu wa safari za theluji wanaofundisha kwamba mmoja akikataa, wote hurudi, wala haulizwi sababu. Kanuni hii ni njema, ila haimwondolei msemaji mzigo wake. Watakaporudi salama, huenda akachekwa njia nzima, naye hatakuwa na ushahidi wa kujitetea, kwa maana theluji isiyokanyagwa haisemi kama ingaliporomoka.