Mgeni wa Aprili



Kila ifikapo katikati ya Aprili, sisi tunaoishi huku Uingereza huanza kuvua makoti kwa wasiwasi, maana jua la nchi hii haliaminiki. Hapa kwetu, ukingoni mwa mji mdogo wa Midlands ambapo nyumba zinaishia na mashamba kuanza, tunamsubiri mbayuwayu. Akishaingia katika banda la bustani nyuma ya nyumba, tunajua majira ya machipuko yamefika kweli.

Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, sawa na karatasi nne za kuandikia. Wanaozaliwa Uingereza huondoka Septemba na Oktoba, wakavuka Ufaransa, Hispania, Moroko na jangwa la Sahara hadi Afrika Kusini, safari ya kilomita 10,000 hivi. Zamani wapo wasomi wa Ulaya walioamini kwamba wakati wa baridi mbayuwayu hujificha chini ya matope ya maziwa. Ukweli ulikuja kwa pete. Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete ndogo mguuni, na Desemba 1912 ndege yuleyule akapatikana Natal, Afrika Kusini. Wale tuliokuwa tukiwaona utotoni, wamejipanga kwenye nyaya za umeme, huenda walitoka pembe nyingine za Ulaya au Asia, lakini ni jamii moja na hawa.

Mwaka wa kwanza walipoingia bandani tulitaka kufunga mlango. Humo mna baiskeli za watoto, mashine ya kukatia majani, na magunia mawili ya vitu ambavyo kila mwaka tunasema vitakwenda nyumbani kwa kontena. Jirani yetu, bibi mmoja Mwingereza aliyezaliwa mtaa huu, akatuita kutoka upande wake wa ua: "Msifunge, wamerudi nyumbani." Tukatoa kioo kimoja cha dirisha ili wapate njia. Bibi huyu ni mtu mwema. Lakini tulikumbuka kwamba yeye huyuhuyu, mwaka tulipohamia, alituuliza kwa upole ni lini tutarudi nyumbani. Kwa mbayuwayu, kuja huku ni kurudi. Kwetu sisi, kurudi ni kwenda zetu.

Tungeweza kuishia hapo, na wengi wenu mngetikisa kichwa kukubali. Bahati mbaya ipo habari nyingine, na hii inatuhusu wenyewe.

Majira ya baridi yaliyotangulia ujio wa ndege hao tulimpokea kijana kutoka nyumbani, mtoto wa jirani yetu wa zamani, aliyekuja kusoma. Tulimfuata uwanja wa ndege na koti mkononi. Wiki ya kwanza tulimpikia pilau na kumwuliza habari za wazee hadi usiku wa manane. Wiki ya tatu tukaanza kusikiliza anaoga kwa muda gani. Mwezi wa pili tukawa tunazungumza chumbani kwa sauti ya chini juu ya bili ya gesi, na nyumba za huku kuta zake ni nyembamba. Asubuhi moja ya Februari tulimkuta sebuleni amefunga begi. "Shikamoo baba mdogo, shikamoo mama mdogo. Nimepata chumba na wenzangu, karibu na kazi ya usiku." Hatukumzuia. Tulimpa blanketi, tukajiona wema.

Miezi miwili baadaye tukatoa kioo cha dirisha kwa ajili ya ndege.

Mtu atasema mfano huu haufai, kwa sababu ndege si binadamu. Ni kweli. Ndege haogi maji ya moto, haombi nauli, na hula wadudu wake mwenyewe hewani. Kumkaribisha asiyetuomba kitu ni rahisi, na pengine hilo halistahili kuitwa ukarimu.

Lakini hata ndege ana gharama. Walijenga kiota kwa tope na majani makavu juu ya boriti, wakataga mayai manne, wakayaatamia wiki mbili, wakalisha makinda wiki tatu, kisha wakaanza upya. Kinyesi kilidondoka juu ya baiskeli na magunia kutwa kucha. Sheria ya nchi hii ya mwaka 1981 inakataza kubomoa kiota kinachotumika, lakini hatukuwa na haja ya kuikumbuka sheria. Tulitandaza magazeti, tukahamisha baiskeli, tukawanyamazisha watoto. Hapo ndipo tulipojikamata wenyewe: kumbe subira tulikuwa nayo.

Kwa nini basi kijana yule hakuipata? Tumelifikiria sana. Ndege tulijua ataondoka Septemba, na subira yenye tarehe ya mwisho ni nyepesi. Tena kijana yule alitukumbusha sisi wenyewe wa miaka ya kubeba maboksi, tulipolala sakafuni kwa watu ambao hawakuwa na nafasi wala fedha kutuzidi. Wao hawakutuhesabia siku. Deni lile hatukulilipa kwao, na lilipokuja kudai kwa sura ya mtoto wa jirani, hatukulitambua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunaitumia methali hii kama ruhusa ya kumchoka mgeni. Hebu tuitazame upya. Jembe hupewa mtu anayebaki. Anayefukuzwa huonyeshwa njia. Anayepewa jembe amekatiwa sehemu ya shamba, naye sasa ana kazi yake na haki yake humo. Sisi kijana tulimpa pilau, jembe hatukumpa. Hatukuwahi kukaa naye mezani tukamwambia: bili ni hii, mchango wako ni huu, na chumba ni chako. Tulinung'unika gizani hadi akatuelewa.

Mwaka huu wamefika tena, mmoja kwanza, mwenzake siku nne baadaye. Jioni ile tulimpigia simu. Amekwishamaliza masomo, ana makaratasi yake na chumba chake katika mji mwingine. Tulimwomba radhi kwa maneno machache yasiyopangika. Alinyamaza kidogo, akasema, "Yalishapita, mama mdogo." Kisha akauliza kama ni kweli tuna ndege bandani.

Tumemkaribisha aje awaone kabla hawajaondoka. Hajasema atakuja lini, nasi hatukumwuliza atakaa siku ngapi.