Je, Ngoma Yaweza Kuponya?

Jioni moja, mafundisho yalipokwisha na wenzake wameshika njia ya kwao, mama mmoja mkatekumeni alibaki amesimama mlangoni. Aliniambia: «Mwalimu, mjukuu wangu ashikwa na homa kila usiku. Ndugu za mume wangu wataka kumpigia ngoma ya kupunga pepo. Nikienda kuitikia nyimbo zao, je, natenda dhambi?» Nilimjibu: «Mama, kwanza mtoto aende hospitali, kesho alfajiri. Swali lako tutalizungumza.» Mtoto alipelekwa, akapata dawa ya malaria. Lakini swali halikwisha. Nimelichukua moyoni majuma mengi, na leo nalileta kwenu, wasomaji wapendwa, maana najua si mama yule peke yake anayesumbuliwa hivyo na jamaa zake.

Kwanza yatupasa kusema kweli: wimbo una nguvu. Wako walimu, nami nilikuwa mmoja wao, wanaodhani kwamba mtu aliyesoma hana budi kuicheka ngoma ya wagonjwa kama upuzi mtupu. Mama humbembeleza mtoto kwa wimbo, na mtoto huacha kulia ingawa tumbo lingali likimwuma. Wapiga kasia huimba, na mikono iliyochoka hupata tena mwendo mmoja. Mungu alimwumba mtu mwili na roho pamoja, wala hakujenga ukuta katikati yao. Kiingiacho sikioni hushuka mpaka katika pumzi na mapigo ya moyo.

Waganga wa siku zetu wamelipima jambo hili. Mwaka 2001 mganga mmoja wa Italia, Luciano Bernardi, pamoja na wenzake, waliandika habari za watu 23 wenye afya waliosali Salamu Maria kwa Kilatini, kama tufanyavyo katika rozari. Mtu aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika moja. Watu hao walishuka mpaka karibu mara 6, na mapigo ya moyo yakafuata pumzi kwa utaratibu mwema. Rozari si wimbo, mtaniambia. Ndivyo, lakini ina mwendo wake wa kurudi na kurudi, nao mwili hushika mwendo. Tena waganga hao waliona jambo lile lile kwa watu waliorudia maneno ya sala ya Wabudha wa Asia. Basi tusijisifu bure na kuita muujiza kile kilicho kazi ya pumzi.

Katika kijiji chetu yuko mzee aliyepooza upande wa kuume. Maneno yalimpotea, hata jina la mke wake hakuweza kulitamka, akawa akilia kwa hasira. Jumapili moja tulimpelekea Ekaristi, tukaimba wimbo wa zamani alioujua tangu ujana wake. Mzee alifungua kinywa, akauimba pamoja nasi, maneno yote, shairi kwa shairi. Mke wake alitoka nje asionekane akilia. Wengi walisema kwamba mzee ameponywa; lakini tulipomaliza wimbo, hakuweza kuomba maji. Baadaye nilipata kujua sababu. Kwa watu walio wengi, usemi hukaa hasa upande wa kushoto wa ubongo, lakini kuimba hutumia upande wa kuume pia. Huo wa kushoto ukiharibika, njia ya wimbo yaweza kubaki wazi. Mwaka 1973 waganga wa mji wa Boston, huko Marekani, walifanya njia hiyo kuwa dawa: mgonjwa huanza kuimba maneno ya kila siku, kisha sauti ya wimbo hupunguzwa kidogo kidogo mpaka maneno yasimame yenyewe. Ni kazi ya majuma mengi, wala si wote wanaofaulu.

Sasa fungueni Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16. Mfalme Sauli alisumbuliwa na roho mbaya, wakamletea Daudi, kijana ajuaye kupiga kinubi. Daudi alipopiga, mfalme alipata nafuu. Wengi wetu husoma hapo, hufunga kitabu, na kusema: tazama, muziki huponya! Msifunge. Endeleeni mpaka sura ya 18. Wanawake waliwapokea wapiganaji kwa matari na nyimbo, wakamsifu Daudi kupita mfalme; basi wimbo huo ulimtia Sauli wivu. Siku iliyofuata Daudi alikaa mbele yake na kinubi kama desturi, na Sauli akashika mkuki amchome ukutani. Katika sura ya 19 jambo hilo latokea tena. Kinubi kilikuwa kile kile, na mkono wa Daudi ule ule.

Mimi naona hapo ndipo palipo fundisho kubwa kupita la sura ya 16. Muziki ulimpa Sauli utulivu, yaani ulimpa nafasi. Katika nafasi hiyo angaliweza kuutazama wivu wake, na kuomba toba. Hakutaka. Alipokea nafuu kama mtu anywaye maji na kuendelea na safari ile ile mbaya. Hakuna zeze wala tari liwezalo kutaka badala yetu. Nami najiuliza, siku ninapotoka kanisani na moyo mwepesi kwa sababu tumeimba vizuri, kama nimemsamehe jirani yangu au nimefurahi tu.

Wala msidhani kwamba nawasema wapagani peke yao. Miaka kadhaa iliyopita mtoto mmoja wa Mkristu alishikwa na homa kali. Sisi waimbaji wa kanisa tulikwenda kwake, tukaimba na kusali usiku kucha. Mtoto alitulia, tulimshukuru Mungu. Usiku wa pili tuliimba tena. Asubuhi alianza kutetemeka na kukaza macho, ndipo tulipomkimbiza hospitali. Mwuguzi alituuliza: «Mlikuwa wapi siku hizi mbili?» Hakuna aliyejibu. Mtoto aliokoka, lakini mkono wake wa kuume haukurudia nguvu. Leo ni mwanafunzi wangu, aandika kwa mkono wa kushoto. Nimwonapo akiinama juu ya daftari, nakumbuka sauti zetu zilivyokuwa tamu usiku ule.

Basi jibu langu kwa mama yule ni hili. Dhambi haimo katika ngozi ya ngoma. Mwaka 1958 ngoma zilisikika katika Misa ya Missa Luba huko Kamina, iliyotungwa pamoja na Padri Guido Haazen. Mwaka 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitaka muziki wa mataifa upewe heshima yake. Na mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, ndiyo Kongo yetu. Dhambi yaanzia pale ngoma inapotumiwa kuita pepo, jambo ambalo mtu ajitayarishaye kwa ubatizo amekwisha kulikataa. Yaanzia pia pale mpigaji anaponyamazisha ngoma na kutaja jina: fulani ndiye amlaye mtoto. Mama, nimeona shangazi mzee akifukuzwa nyumbani kwa neno kama hilo. Aliyeitikia wimbo usiku ule alisaidia kumfukuza, hata kama hakujua. Na kumcheleweshea mtoto dawa ni kosa, ikiwa tumeimba nyimbo za pepo au zaburi.

Huko Bukavu, katika hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999, wanawake waliotendewa ukatili katika vita hutibiwa majeraha yao na waganga. Tena wako wanaosaidiwa kutunga nyimbo za mambo yaliyowapata, na nyimbo hizo hurekodiwa. Mwanamke asiyeweza kusimulia habari yake aweza kuiimba, na wenzake huitikia. Hapo hakuna anayesema kwamba wimbo hushona jeraha.

Alfajiri ile, mama yule alipompeleka mjukuu wake, niliwasindikiza mpaka mtoni. Alimfunga mgongoni kwa kitambaa, na njia nzima alimwimbia wimbo wa kubembeleza wa kwao, katika lugha nisiyoijua. Mtoto alilalamika mpaka penye mti mkubwa wa mwembe. Tulipofika kivukoni alikuwa amelala, na bibi yake alikuwa angali akiimba, huku akimpungia mkono mwenye mtumbwi.