Mpango wa Wiki Ijayo, Mungu Akipenda



Leo tuongee kuhusu ratiba, hasa ratiba ya kijana asiye na bosi. Vijana wengi waliojiajiri wana swali moja ambalo huliuliza kwa namna tofauti tofauti: hivi, kupanga wiki ijayo na mwezi ujao, na kuumiza kichwa kwa ajili ya mipango hiyo, ni kukosa imani? Si Yesu ametuambia tusiisumbukie kesho (Mt 6:34)?

Tuchukue mfano wa mwandishi wa habari za teknolojia anayejitegemea. Hana mkataba wa ajira wala meza kwenye chumba cha habari. Jumatatu anatuma mawazo ya habari kwa wahariri watatu au wanne: simu mpya iliyoingia sokoni, makato ya miamala, vijana waliotengeneza programu ya wakulima. Jumanne anasubiri. Mhariri mmoja anakataa, mwingine hajibu kabisa, wa tatu anasema, "Sawa, ila naitaka Alhamisi." Jumatano ni kupiga simu, kuhoji watu na kununua bando jingine. Alhamisi anaandika mpaka usiku. Ijumaa anarekebisha alichoambiwa, halafu anatuma ankara. Jumamosi anafuatilia ankara ya miezi miwili iliyopita. Dominika yuko kanisani, lakini kichwani tayari ni Jumatatu. Na bado ana mipango: aanzishe podikasti, ajifunze kuchambua takwimu, anunue kompyuta nyingine kabla hii haijazima moja kwa moja.

Huenda wewe si mwandishi. Labda unapiga picha za harusi, unatengeneza simu au unashona nguo. Lakini wiki hiyo unaijua.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilichukua swali hili kwa uzito. Katika Summa Theologiae, Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 55, anauliza wazi kama inatupasa kuhangaikia mambo yajayo. Hakujibu kwa kusema "mwachie Mungu tu." Anamkumbuka chungu wa Mithali 6:6, ambaye Maandiko yanatutuma tukajifunze kwake, na anakubali kwamba mahangaiko ya chungu ni mema kwa sababu yanakuja kwa wakati wake. Kila kazi ina majira yake, na kila majira yana mahangaiko yake. Wakati wa kuvuna nafaka, hangaikia nafaka. Zabibu zitafika zamu yake. Kosa ni kuyabeba mahangaiko ya zabibu ukiwa bado shambani na nafaka.

Tena kwa Thoma, kuona mbele ni sehemu kuu ya fadhila ya busara. Kwa hiyo asiyepanga kabisa hajawa na imani kubwa kuliko wewe. Kuna kitu anakikosa. Mwandishi wetu anayetuma mawazo yake Jumatatu anafanya kazi ya Jumatatu, na hilo ni jema. Akianza Jumatatu hiyohiyo kukosa usingizi kwa ajili ya ankara ambayo hata hajaiandika, hapo ndipo anapobeba zabibu kabla ya wakati.

Sasa, najua kuna atakayesema: ni rahisi kwa mseminari kuongea hivyo. Ni kweli. Huku kwetu kengele inapigwa, tunaenda kula. Hakuna anayetuma ankara ili apate ugali. Hoja hii ni nzito, na haijibiwi kwa kumwambia mtu "ongeza sala." Hebu tuirudie Biblia, safari hii tusome mbele kidogo.

Wengi tunaijua Yakobo 4:13-15. Mtume anawakemea wanaosema leo au kesho tutakwenda mji fulani, tutakaa mwaka mzima, tutafanya biashara, tutapata faida. Anawakumbusha kwamba hata kesho yenyewe hawaijui, na kwamba wangepaswa kusema, Bwana akipenda. Mistari hii husomwa sana kwa vijana wenye mipango. Lakini ukiendelea kidogo tu, unafika Yakobo 5:4, na pale sauti inageuka kabisa. Sasa anasema kwamba ujira wa vibarua waliovuna mashamba, ujira uliozuiliwa, unapiga kelele, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana.

Ni barua ileile. Wa sura ya nne ni wafanyabiashara wanaojiona wanaimiliki kesho. Wa sura ya tano ni vibarua wanaoiogopa kesho kwa sababu kuna mtu ameshikilia haki yao ya jana. Hawa hawaumwi ugonjwa mmoja, na dawa yao haiwezi kuwa moja. Mwandishi anayekosa usingizi kwa sababu malipo yake yamekaa miezi miwili mezani kwa mtu hana upungufu wa imani. Ana mdaiwa. Ukimhubiria sura ya nne na kunyamaza kuhusu sura ya tano, umemwongezea mzigo.

Kanisa halijanyamaza. Mwaka 1891, katika Rerum Novarum, Papa Leo XIII alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Ipo haki ya asili iliyo juu ya makubaliano. Na Mei 2025 Papa Leo XIV aliwaeleza makardinali kwamba alichagua jina hilo akimfikiria hasa Leo XIII, kwa kuwa akili mnemba nayo inaleta changamoto mpya kwa utu, haki na kazi ya binadamu. Vijana wanaoandika kuhusu teknolojia, wakilipwa kwa kila habari, wamo ndani ya suala hilo.

Inabaki Dominika. Tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa Dominika, na Kanisa liliadhimisha Siku ya 58 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, ambayo ujumbe wake ulihusu akili mnemba na hekima ya moyo. Siku hiyohiyo mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa kusini, na intaneti ikasumbua Tanzania, Kenya, Uganda na majirani. Mwandishi wa teknolojia afanye nini siku kama hiyo? Azime simu kwa kuwa ni siku ya Bwana?

Katekisimu, namba 2185, inakubali kwamba mahitaji ya familia au huduma muhimu kwa jamii inaweza kumwondolea mtu wajibu wa pumziko la Dominika, ila inaonya isigeuke kuwa mazoea yanayoumiza ibada, familia na afya. Watu walihitaji kujua kwa nini mawasiliano yamekatika. Aliyesali Misa kisha akakaa kuwaeleza, aliwahudumia. Lakini Dominika za mikongo kukatika ni chache. Nyingine nyingi tunafungua kompyuta kwa sababu tunahisi tukipumzika mwenzetu atatupita. Kwa hiyo jiulize: nikisubiri hadi kesho asubuhi, nani ataumia? Kama kuna mtu, nenda kamhudumie. Kama kitakachoumia ni hofu yako tu, ifunge hiyo kompyuta. Mwenye bosi huambiwa na bosi lini aache kazi. Wewe usiye na bosi, Dominika inakukumbusha kwamba unaye Bwana, na kwamba riziki yako haijaanza kwenye vidole vyako.

Basi, wiki hii fanya haya. Andika mpango wako bila aibu, na kila hangaiko lipangie siku yake. Unayedai, dai kwa heshima lakini dai. Hiyo ni haki yako, si uroho. Na wewe mwenye kudaiwa, uwe mhariri, mteja au bibi harusi aliyeshachukua picha zake, lipa kabla ya kwenda kupokea Komunyo, kama uwezo unao. Mwisho, tulirudishie uzito neno "Mungu akipenda." Kwetu limekuwa namna ya upole ya kusema "sitakuja." Yakobo alimaanisha kwamba mpango unaushika kwa mkono uliofunguka, ili Mungu aweze kuubadilisha bila kukuvunja vidole.

Tusali: Ee Bwana, pokea wiki yetu kabla hatujaianza. Utupe leo nguvu za leo. Uwakumbuke wanaosubiri ujira wao, na utusumbue sisi tulioushikilia. Amina.

Dominika njema, na tuombeane.